Mke Waliyekataa Kumtaja

Jumapili moja, mbele ya waumini waliojaa kanisa hadi wengine wakakaa nje kwenye nyasi, nilitangazwa kuwa mwongo. Mimi mwenyewe sikuwapo. Mama yangu alikuwapo, ameketi mbele na wanawake wa kwaya, amevaa kanzu nyeupe na mshipi wa kijani alioupiga pasi jana yake. Kosa langu lilikuwa kitabu. Nilikuwa nimeandika maisha ya mtu aliyeanzisha kanisa hilo, na humo nilikuwa nimemwandika mke ambaye kanisa linasema hakuwahi kuwapo.

Sijaomba radhi hadi leo. Nitaeleza ilivyokuwa, ili anayetaka kuniita mwongo aniite akijua anachokisema.

Jina la kanisa sitalitaja, wala majina ya watu wake. Lilianzia ng'ambo ya ziwa kutoka hapa Mwanza, upande wa Sengerema, katika kijiji cha wavuvi mwendo mfupi wa pikipiki kutoka kivuko cha Kamanga. Kanisa linafundisha kwamba mwanzilishi alikuwa katekista kijana, Msukuma wa bara, mtoto wa wafugaji, aliyefukuzwa misheni kwa sababu ya kuuliza maswali. Akashuka hadi ziwani, akapanda juu ya jiwe kubwa, akafunga, na huko juu, peke yake, akasikia sauti. Aliposhuka alikuwa na nyimbo mdomoni, na hizo nyimbo ndizo zinazoimbwa mpaka sasa. Hayo maneno "peke yake" yana uzito wake. Watoto wa shule ya Jumapili huyasema kwa pamoja wakiinua kidole kimoja. Mimi pia niliinua kidole changu.

Nje ya kanisa kila mtu ana mwanzilishi wake. Sokoni niliambiwa alikuwa mganga wa kienyeji aliyejivika msalaba. Dereva mmoja wa bajaji alinihakikishia, huku akinitazama kwenye kioo badala ya kutazama barabara, kwamba mzee huyo alikuwa mwizi wa nyavu. Kuna kikundi kilichojitenga baada ya kifo chake, na wao wanasema alianza vizuri ila akaharibiwa na sifa. Mama yangu anasema alikuwa mtu wa Mungu, basi. Mama alikuwa ameharibikiwa mimba mara nyingi, na watu wa ukoo wa baba walikwisha kuanza kumtafutia baba mke mwingine. Mwanzilishi akamwekea mikono, akamwambia aende nyumbani akapike. Baada ya hapo nikazaliwa mimi, binti yake. Nilikua nikioneshwa kwa wageni kama ushahidi. "Huyu hapa," mama alikuwa akisema, akinisukuma mbele kidogo.

Niliacha kwenda kanisani nikiwa chuoni, bila ugomvi. Nikafundisha historia sekondari kwa miaka, kisha nikaacha kazi nikabaki na kuandika. Nilikuwa nimeandika vitabu viwili vidogo kuhusu watu wa huku kwetu, visivyomuudhi yeyote. Ndipo katibu mkuu wa kanisa aliponiita ofisini kwake, Nyamagana, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi.

Alikuwa mzee nadhifu, mtaratibu, mwenye sauti ya mtu asiyezoea kurudia jambo. Nilimwamkia, akaitikia, akaagiza chai.

"Mwalimu," alisema, "jubilei inakuja. Tunataka kitabu cha maisha ya Baba. Wewe ni tunda la kanisa hili. Tumpe nani mwingine?"

"Nitaandika nitakachokikuta, mzee."

Alicheka. "Andika ukweli. Ukweli utatufanya nini sisi?"

Nilianza kwa kuwasikiliza wazee. Nilikaa kwenye vibaraza vya Igoma na Kirumba, nikawarekodi kwa simu, nikala viazi vya watu wengi. Walimkumbuka vizuri na kwa mapenzi: jinsi alivyotembea kwa haraka, jinsi alivyokula samaki akaacha mifupa mitupu kama ya mapambo. Lakini kuna jambo lililokuwa likinisumbua tangu utotoni, na sasa nikalikuta limekaa wazi mbele yangu. Nyimbo za mwanzo za kanisa, zile takatifu kuliko zote, ni za Kikerewe, lugha ya kisiwa cha Ukerewe. Mwanzilishi alikuwa Msukuma. Alihubiri Kisukuma, na Kiswahili chake, kila mtu alikubali, kilikuwa cha kuokoteza. Mbona nyimbo alizopewa kule juu ya jiwe zije kwa Kikerewe?

Nilimuuliza katibu mkuu. Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye karatasi zake.

"Kwani Mungu hajui Kikerewe?"

"Anajua, mzee. Baba alikuwa anakijua?"

"Mwalimu, usitufanyie mtihani."

Nikamuuliza mama. Mama ni Mkerewe, amezaliwa kisiwani, na alijiunga na kanisa miaka michache baada ya kuanzishwa. Alikuwa anapara sato kwenye beseni nyuma ya nyumba yangu ya Pasiansi, magamba yamemrukia hadi kwenye paji la uso.

"Mama, nani aliyetunga zile nyimbo?"

"Hazikutungwa. Zilikuja."

"Zilikujia nani?"

Alimaliza kupara samaki mmoja. Kisha akasema, "Sisi tulizikuta," akabeba beseni akaingia ndani, na siku ile hatukuzungumza tena ila kuhusu chumvi.

Mtu aliyenisaidia alikuwa mzee wa kanisa aliyekwisha kustaafu, mgonjwa wa miguu. Nilipokuwa naaga aliniambia niende kijiji kilikoanzia kanisa, nisiende kwenye jiwe wanakopelekwa mahujaji, nishuke chini wanakoanika dagaa, nimuulizie bibi wa Ukerewe. "Usiseme nimekutuma," alisema, kisha akafikiri kidogo. "Au sema. Nimebakiza nini mimi."

Nilivuka Kamanga asubuhi yenye upepo. Kijijini waliniongoza kwa vidole hadi nyumba ya bati yenye ua wa matete. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, mkubwa wa umbo, mwenye macho yaliyofifia kwa mtoto wa jicho lakini yanayokugeukia moja kwa moja unapozungumza. Aliishi na binti yake aliyemzaa na mume wa pili, mvuvi aliyekwisha kufariki. Nilimwamkia kwa Kikerewe. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nani alikufundisha kuongea kama kuku mwenye kamba mguuni?"

"Mama yangu, bibi."

"Basi ulikuwa husikilizi. Kaa. Ongea Kiswahili, tusiteseke wote wawili."

Nilimwambia nilichokuja kutafuta. Sikumzunguka. Alipapasa ukingo wa mkeka, nami nikadhani atanifukuza. Badala yake aliuliza kama bado wanaimba ule wimbo wa mtu aliyepotelewa na kasia. Nikasema wanauimba kila Jumapili. Akataka niuimbe. Niliimba vibaya, kwa aibu, na katikati akanikatiza, akausahihisha mstari mmoja ambao kanisa zima huukosea, akauendeleza mwenyewe hadi mwisho. Sauti yake ilikuwa imechakaa, lakini wimbo haukuwa umechakaa.

Kisha akanisimulia. Alikuwa ameolewa na yule katekista kabla hajafukuzwa misheni, kwa mahari iliyolipwa, mbele ya wazazi wa pande zote. Walikuja kuishi ufuoni kwa sababu hawakuwa na pa kwenda. Huko bibi akaugua homa ndefu, na alipoanza kupona ikawa hawezi kusema. Maneno hayatoki. Zikawa zinatoka nyimbo tu, kwa lugha ya kwao, na yeye mwenyewe hajui mstari unaofuata ni upi mpaka aimbe. Mumewe alikuwa anakaa karibu naye anasikiliza. Hakuelewa Kikerewe vizuri, lakini alielewa zile nyimbo, na akawa anawaeleza majirani maana yake. Majirani wakaanza kuja. Wakajenga banda la matete.

"Yaani wewe ndiye mwanzilishi," nilisema. Nilikuwa nimekipata kitabu changu, nimekwisha kukiona: mwanamke aliyeibiwa, mwanamume aliyeiba.

Bibi aligeuza uso upande wangu kwa ukali.

"Nani kakwambia hivyo? Mimi nilikuwa naimba. Kuimba tu. Yeye ndiye aliyekuwa anaelewa. Ungenikuta peke yangu ungesema mwendawazimu huyo, ungepita. Ungemkuta yeye peke yake, ungekuta katekista aliyefukuzwa, ana njaa. Tulikuwa wawili. Andika wawili."

"Na jiwe?"

"Jiwe lipo. Tulikuwa tunaanika nguo pale."

Nikamuuliza ilikuwaje akaondoka. Hapo alisimulia kwa ufupi. Watu walipokuwa wengi walipatikana viongozi, na viongozi wakamwambia mumewe kwamba nabii anayeambiwa na mke wake si nabii. Walisema hivyo mara nyingi, kwa upole, wakimletea ng'ombe na heshima. Bibi mwenyewe sauti yake ya kawaida ilikuwa imekwisha kurudi, nyimbo zimekoma, na wao wakaona hana kazi tena. Asubuhi moja mumewe alimwambia arudi kwao.

"Alilia?" niliuliza.

"Alilia sana. Mimi sikulia. Nilimwambia, utakuwa mkubwa, na kila utakapoimba utanisikia mimi. Nikachukua kapu langu nikaondoka. Sikurudi Ukerewe, nilibaki hapahapa kijijini, anione." Alinyoosha ukingo wa mkeka. "Akawahamishia wafuasi wake mjini baada ya hapo. Hakuweza kunipita njiani."

Nilipokuwa naaga, alinishika mkono akaung'ang'ania.

"Kipindupindu kilipoingia huku," alisema, "kila mtu alikimbia. Hata wauguzi walikimbia. Yeye aliwabeba wagonjwa mgongoni, wanamwaga kila kitu juu yake, akawafikisha kwenye maji safi, akawanywesha kwa kijiko. Wakati huo alikuwa amekwisha kuniacha, bado hajahamia mjini. Nilimwona kwa macho yangu, wakati macho yalikuwa yanaona. Na hilo liandike. Usipoandika hilo, langu usiandike."

Nilirudi mara nyingi. Niliwatafuta wengine waliokuwapo, na wapo: mwanamke aliyefua nao nguo pale kwenye jiwe, ndugu wa mwanzilishi huko bara aliyepeleka ng'ombe wa mahari Ukerewe kwa kivuko, akakumbuka ng'ombe mmoja aliyegoma kupanda. Waliosimulia hawakuwa wanafahamiana tena, lakini walisimulia jambo moja. Nikaandika. Niliandika wawili, kama nilivyoambiwa. Sura ya kipindupindu ndiyo ndefu kuliko zote. Nikaandika pia alivyomwondoa mkewe asubuhi ile, na habari za waliomshauri, bila kuwataja majina.

Nilipopeleka mswada, wiki zilipita kimya. Kisha nikaitwa tena Nyamagana. Safari hii hakukuwa na chai. Katibu mkuu alikuwa na wazee wenzake wa baraza, wamekaa upande mmoja wa meza, na kwangu wakaweka kiti kimoja upande wa pili.

"Kazi ni nzuri, Mwalimu," alianza. "Sura ya kipindupindu imetutoa machozi. Kuna sura moja tu tunaomba uitoe."

"Ipi, mzee?"

"Unaijua."

"Nataka wewe uitaje."

Hakuitaja. Mzee mmoja pembeni akasema kwamba yule bibi ni kichaa, inajulikana, hata kanisa huwa linamsaidia unga. Nikamwambia nimekula nyumbani kwa bibi mara nyingi na sijawahi kuuona huo unga. Mwingine akasema Baba alikuwa na mke mmoja tu, Mama Mchungaji, na watoto wake wapo hai, je, nataka kuwaita haramu? Nikamjibu kwamba sikuandika neno hilo popote, ila yeye amelisema mbele ya mashahidi.

Katibu mkuu aliinua mkono wakanyamaza.

"Mwalimu, nikuulize kwa upole. Wewe ulizaliwa kwa maombi ya nani?"

"Mama anasema kwa maombi ya Baba."

"Na leo unamvua nguo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, lakini si kwa hilo. Nikasema, "Mzee, mtu aliyewabeba wagonjwa mgongoni hahitaji mniambie nimdanganyie. Mke wake yupo. Anakula, analala, anaimba kuliko kwaya yenu. Kama mnataka kitabu kisicho naye, mtafuteni mwandishi mwingine. Hiki changu kitatoka naye."

"Basi hatutakichapa."

"Msikichape. Mimi nitakichapa."

Nilichukua mswada wangu mezani. Hakuna aliyenizuia, ila hakuna aliyeniitikia nilipoaga, na kwa watu wetu hilo si jambo dogo.

Habari husafiri. Haukupita muda mrefu akaja nyumbani kwangu kiongozi wa kile kikundi kilichojitenga. Alikuwa mtanashati, mwenye kucheka, amebeba zawadi ya matunda. Aliketi sebuleni akanipongeza kwa ujasiri. Alisema wao watakichapa kitabu, kwa jalada gumu, na watakisambaza kanda nzima ya ziwa, wapate kujua watu jinsi walivyodanganywa.

"Ila sura ya kipindupindu," alisema, "hiyo inachanganya. Msomaji atashindwa kujua asimamie wapi. Ungeipunguza. Ikiwezekana uitoe."

Karibu nicheke. Wale walitaka kutoa mke, huyu alitaka kutoa wagonjwa.

"Askofu," nilimwambia, "umeisoma hiyo sura?"

"Nimeisikia."

"Waliobebwa baadhi yao wako hai. Mmoja ni shemeji yako."

Tabasamu lilimtoka. Alisema kuna wakati mtu lazima achague upande. Nikamwambia nimekwisha kuchagua, na kwamba mlango ni uleule alioingilia. Matunda yake nilimrudishia. Mapapai yalikuwa mazuri, nakiri niliyatazama.

Kabla ya kukipeleka kitabu popote nilivuka tena, nikamsomea bibi yote yanayomhusu. Nilisoma kuanzia asubuhi mpaka jua likahama upande wa pili wa ua. Alisahihisha rangi ya nguo, akasahihisha jina la upepo. Kisha nikafika mahali penye jambo ambalo alikuwa amenisimulia siku moja akiwa mchovu, jambo la mwisho baina yake na mumewe. Alisikiliza. Akasema, "Hilo toa."

Nilianza kumweleza kwamba bila jambo hilo msomaji hataelewa kwa nini hakurudi kwao.

"Asielewe," alisema. "Hilo ni langu. Mengine nimewapa."

Nilitoa. Ndilo neno pekee nililotoa katika kitabu kile, na nilitoa kwa sababu mwenye nalo aliniomba. Walioniuliza baadaye kama nimeficha kitu nimewajibu ndiyo, na sitasema ni nini.

Ugomvi mgumu ulikuwa na mama. Aliishi kwangu tangu baba afariki, na kila Jumapili alitoka mapema kwenda kuongoza kwaya. Nilimwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na wengine. Alikuwa anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini.

"Kwa hiyo unasema ni mwongo."

"Sijasema hivyo, mama."

"Unasema alimfukuza mke. Mtu aliyenipa wewe."

"Alimfukuza, mama. Na alikupa mimi. Nimeyaandika yote mawili. Siku yako nimeiandika kama ulivyonisimulia, sijaongeza, sijapunguza. Nikusomee?"

"Usinisomee."

"Ulijua, mama? Wewe ni Mkerewe. Uliposikia zile nyimbo mara ya kwanza, hukujua kwamba ni mwanamke anayesema ndani yake?"

Aliniangalia usoni. Mama yangu si mtu wa machozi. "Nilijua ni sauti ya mwanamke," alisema. "Ndiyo maana nilibaki. Lakini mimi sikuuliza. Wewe umeuliza. Usinitake nikushukuru." Akaokota ungo wake akaendelea kupepeta, kwa nguvu, mpaka mchele wenyewe ukawa unaruka nje.

Wachapaji wawili mjini walikubali kisha wakapiga simu wakaghairi. Wa tatu alikuwa mzee Mwislamu, fundi wa siku nyingi, ambaye babu yake alikuja Mwanza kwa biashara enzi za reli. Aliusoma mswada mwenyewe, wote, na nilipokwenda aliniambia, "Mama, dini yenu siijui. Ila huyu bibi nimempenda. Nachapa." Nikamwonya kwamba anaweza kupoteza wateja. Akasema wateja amewahi kuwapoteza kwa mambo ya kipuuzi zaidi.

Kitabu kilitoka, nacho kikasomwa. Ndipo likaja lile tangazo la Jumapili. Niliyoyajua niliambiwa na jirani aliyekuwapo, maana mama mwenyewe hakusema. Katibu mkuu alisimama mimbarini akasoma kwamba kitabu hicho ni uongo, kwamba mwandishi wake ni mwongo aliyeasi kanisa lililomzaa, na kwamba muumini yeyote asikinunue wala kukiweka nyumbani. Akauliza, kama desturi ilivyo, kama kuna mwenye neno. Desturi ni kwamba hakuna anayekuwa nalo.

Mama alisimama.

"Mimi nina neno," alisema. "Hicho kitabu sijakisoma, na sitakisoma. Nimemkasirikia aliyekiandika na bado nimekasirika. Lakini huyo mtu mimi nimemzaa. Mliniambia hapahapa, mbele ya madhabahu hii, kwamba ni Mungu kanipa kwa mkono wa Baba. Leo mnaniambia Mungu alinipa mwongo? Chagueni moja."

Katibu mkuu alimwambia, "Mama, tafadhali keti." Mama akasema ataketi akimaliza. Kisha akaanzisha wimbo wa kasia. Sauti za kwaya zikamfuata kwa mazoea, na alipofika kwenye ule mstari ambao watu wote huukosea, aliuimba ulivyo sahihi. Sikuwahi kumfundisha. Alikuwa anaujua siku zote.

Jioni alirudi nyumbani, akavua kanzu, akaikunja. "Kuna chakula?" aliuliza. Nikampakulia ugali wa muhogo. Nilipotaka kuzungumza alisema, "Niache nile."

Walimwondoa kwenye uongozi wa kwaya. Hakuacha kwenda. Alihamia viti vya nyuma, akawa anaimba kutoka huko, na watu wa mbele wakawa wanageuza shingo. Kwangu simu za matusi zilikuja, zikachosha, zikaisha. Mtu alinimwagia maji machafu mlangoni, nikafagia. Lakini walikuja pia wanawake. Walikuja mmoja mmoja, wakijidai wamepotea njia, wakanunua kitabu wakakifunga ndani ya khanga. Wengine hawakujua kusoma, wakasema watasomewa. Mmoja aliniambia hakuja kununua, amekuja kunitazama tu, akanitazama, akaenda zake.

Baadhi yao walivuka kwenda kumwona bibi. Nilipofika kwake nilimkuta amekasirika.

"Umeniletea wageni mpaka sipati usingizi wa mchana. Wanataka niwawekee mikono. Mimi mikono yangu ina baridi yabisi!"

"Unawaambiaje, bibi?"

"Nawaambia wanichotee maji. Wanachota." Aliifikiria hali hiyo. "Hilo si baya."

Jubilei ilifanyika kule kijijini, chini ya jiwe. Mama alisema anakwenda. Nikasema nampeleka. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni akaniambia nibadilishe viatu. Tulivuka pamoja, mimi kwa gauni la kawaida, yeye kwa kanzu yake, na watu wakawa wanatupisha kwa namna ambayo si ya heshima wala ya dharau, wanaogopa tu kuonekana wamesimama nasi.

Maturubai yalikuwa yamefungwa hadi ufuoni, na harufu ya dagaa ilipenya hotuba zote. Kijana wa usalama mwenye kitambaa cha kijani mkononi alitufikia. Alimwamkia mama, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ameelekezwa niondoke.

"Nani amekuelekeza?" niliuliza.

Alionesha jukwaani kwa kidevu. Katibu mkuu alikuwa anatutazama. Nami nilimtazama. Nilisema kwa sauti ambayo safu kadhaa zilisikia kwamba nimekuja kusali na mama yangu, kwenye ardhi ambayo si ya mtu, na kwamba anayetaka niondoke ashuke aje aniambie mwenyewe.

Hakushuka. Kijana alibaki amesimama, hajui la kufanya na mikono yake. Pale mbele watoto wa shule ya Jumapili walikuwa wamepangwa, wanaanza kukariri habari ya jiwe, na walipofika kwenye "peke yake" waliinua vidole. Upande wa nyuma, karibu na sisi, mwanamke mmoja nisiyemfahamu aliinua viwili. Kisha mwingine.

Mama aliona. Hakuinua chochote. Alivuta kanzu yake kando, akanipa nafasi kwenye benchi.

"Kaa," aliniambia. "Unaziba watu."

Nikakaa.